Tupeane uzoefu: Kutoka chuo cha mkoani kwenda Dar kuangalia mechi Kwa Mkapa

Mwana wa Uyole
Wakuu, jana nimepita chuo nilichosoma hapa Mbeya nikakuta vijana kwenye ngazi za hosteli wanaandikisha majina ya kosta ya kwenda kwenye dabi ya Simba na Yanga, uwanja wa Mkapa. Mwenye daftari anadai nauli, nusu ya watu wanasema boom, hela ya mkopo wa chuo, halijatoka, mmoja anaomba aandikwe tu atalipa kesho. Nikasimama palepale. Yote yakanirudia: ngoma siti za nyuma, mlima Kitonga usiku wa manane, watu wamelaliana mabegani, mnaamkia Chalinze miguu imevimba.

Mtu wa Dar mechi kwake ni nauli ya daladala. Sisi ni kilomita zaidi ya 800, kwenda tu. Tuliosoma mikoani tunajuana. Weka ulichokiona, wadogo zetu wasome kabla hawajapanda. Ushabiki tuuache mlangoni.

Mzee wa Kihesa
Ushabiki tuuache mlangoni wakati ndio uliotupandisha kosta? Haya, nakaa hapa nisome.

Makulu Dom
Siku hizi treni wakuu. Tangu SGR, reli ya kisasa, ianze Dodoma 2024 kwa nauli ya 31,000 daraja la kawaida, hata saa nne hazifiki uko Dar umeoga na kula. Wanachuo wanaojazana kwenye kosta siwaelewi.

Mwana wa Uyole
Mkuu, reli hiyo haijapita Uyole.

Nyasa Boy
Na hata ingepita. Marafiki nilionao mpaka leo nimewapatia kwenye kosta ya mechi. Kwenye treni kila mtu na simu yake.

Makulu Dom
Marafiki utawapata hata kantini. Dereva aliyeendesha usiku kucha halafu mnamwambia arudishe watu usiku uleule baada ya mechi, huyo ndiye ninayemuogopa. Nimezika mtu niliyesoma naye kwa ajili hiyo, sibishani kwa kupenda kubishana.

Nyasa Boy
Pole kaka. Hapo sina neno.

Binti Kalenga
Sikutaka kuandika lakini nimeshindwa kulala.

28 Mei 2023, Yanga na USM Alger, fainali ya Shirikisho mkondo wa kwanza. Timu yetu fainali ya Afrika, nyumbani! Chuoni Iringa hakuna aliyesoma wiki ile. Nilikwenda na mwenzangu wa chumba kimoja, mtu mpole, alikuwa hajawahi kufika Dar. Mama yake alinipigia mwenyewe: "Mwanangu, nakukabidhi mwenzio."

Tulifika uwanjani mchana, tiketi tunazo, jezi tumevaa. Foleni ilikuwa foleni kweli mwanzoni, tunacheka, tunaimba. Kisha wakaongezeka watu nyuma yetu na foleni ikayeyuka. Hakukuwa tena na mbele wala nyuma. Asiyewahi kukaa humo hawezi kuelewa: huendi unakotaka, unakwenda watu wanakokwenda. Miguu yangu haikuwa chini. Mikono nilikuwa nimeibana kifuani, nadhani ndiyo iliyoniachia nafasi ya kuvuta pumzi. Mwenzangu nilikuwa nimemshika kidole. Kidole kikachomoka.

Nilitupwa pembeni kwenye ukuta. Kaka mmoja mwenye jezi nyekundu, sijui alikuja kufanya nini siku ile, akaninyanyua akanikalisha. Nikaanza kumtafuta mwenzangu. Simu haipati mtandao. Nauliza kila askari, kila muuza maji. Nikaambiwa kuna watu wamebebwa kwenda hospitali. Niliposikia hilo nilikaa chini kwenye vumbi.

Mechi inaendelea humo ndani. Mayele aliposawazisha jioni ile uwanja ulilipuka mpaka ardhi ikatikisika, nami niko nje nazunguka nalia naita jina la mtu. Hata dakika tano hazikupita, kimya. Waarabu wamefunga la pili.

Aliyeniokoa ni mama yake. Giza limeingia, simu ikashika mtandao, akapiga kutoka Makambako: "Mwenzio yupo kwa mama muuza mihogo, upande wa Chang'ombe." Mwenzangu simu ilipotea, kiatu kimoja kilipotea, bega haliinuki, lakini namba ya mama yake alikuwa nayo kichwani. Akaazima simu ya yule mama, akapiga nyumbani, nyumbani wakanipigia mimi. Nilimkuta amefunikwa kanga, anakunywa chai. Yule mama alikataa hata shilingi.

Siku ile mtu mmoja alifariki na 30 walijeruhiwa. Wote walikwenda kuangalia mpira, kama sisi.

Shangazi wa Mbagala
Mwanangu pole. Nilikuwa nyumbani nasikiliza redioni, nilizima.

Mzee wa Kihesa
Dada, bega la mwenzako lilipona?

Tabora Mjini
Huyo mama wa mihogo mliwahi kurudi kwake?

Kariakoo Damu
Poleni. Lakini tuseme ukweli, nyie mikoani mnakuja kwa pamoja mnataka kuingia kwa pamoja. Njooni saa nne asubuhi mkae.

Nyasa Boy
Saa nne asubuhi tukae juani mpaka jioni, tumetoka safari ya usiku, hatujala? Mimi naingia filimbi ikishalia. Geti halina mtu, nakosa dakika kumi nakuwa mzima.

Shangazi wa Mbagala
Asubuhi ndiyo salama. Chukueni maji, chukueni kofia.

Kariakoo Damu
Na asiyezoea akae jukwaa la orange akiweza, asisukumane mzunguko kwenye viti vya bei ya chini.

Tabora Mjini
Orange kwa boom gani?

Msamala Songea
Yetu haina damu lakini inauma. 8 Machi 2025, dabi ya Simba na Yanga. Tuliondoka Songea Ijumaa mchana. Alfajiri tuko Mikumi, gari linakwenda polepole hifadhini, mmoja akafungua simu akasoma kwa sauti taarifa ya Simba kwamba hawataleta timu. Gari zima likaamka. Wa njano wanasema watakuja tu, wa nyekundu wanasema hatuendi, dereva anauliza: "Nigeuze?" Nani ageuze akiwa Mikumi? Tukaenda. Mchana tuko Temeke tumeshika vuvuzela ndipo Bodi ya Ligi ikatangaza mechi imeahirishwa.

Mliokuwa Dar mlirudi nyumbani mkalala. Sisi tulikuwa watu thelathini na kitu katikati ya jiji, hela ya kula imehesabiwa, na kosta inaondoka Jumapili. Tuligawana kwa ndugu. Mimi na wanne tulipokelewa kwa binamu Mbagala, chumba na sebule, mkewe akatupikia wali na dagaa bila kununa. Asubuhi tukapanda pantoni kwenda Kigamboni ili tuseme tumeona bahari. Mechi ikaja kuchezwa 25 Juni, tuko kwenye mitihani. Nimeisikilizia maktaba, sikio moja.

Mnyama Damu
Na mnajua nani alisababisha.

Jangwani Kwetu
Aliyegoma ndiye aliyesababisha. Na hiyo 25 Juni nyie Simba mlipigwa 2-0. Na 5 Novemba 2023 mlipigwa 5-1. Niendelee?

Mnyama Damu
Aliyezuia Simba wasifanye mazoezi uwanjani usiku wa tarehe 7 hamumtaji.

Mwana wa Uyole
Wakuu, hilo lina uzi wake. Dada hapo juu ameandika habari ya mtu kufa na nyie mnahesabu magoli. Tafadhali.

Jangwani Kwetu
Samahani dada Kalenga.

Binti Kalenga
Hakuna neno. Bega lilipona, lilifungwa bandeji wiki kadhaa. Kwa yule mama tulirudi mwaka uliofuata na gunia la viazi, tukakuta eneo limejengwa fremu na jirani hajui alikohamia. Aliye Chang'ombe, akimjua mama aliyekuwa anauza mihogo ya kukaanga pale na kijana wake ana ulemavu wa mguu, anitumie ujumbe. Sisemi utani.

Shangazi wa Mbagala
Nina mdogo wangu Chang'ombe Maduka Mawili, kesho nampigia.

Fresha 2
Shikamooni. Mimi ni mwaka wa kwanza, nimo kwenye ile kosta ya Mbeya. Nivae jezi njiani au nibebe?

Nyasa Boy
Vaa. Umechangia nauli kwa ajili ya nini?

Kariakoo Damu
Beba. Vaa ukifika upande wa watu wako.

Makulu Dom
Muulizeni kwanza dereva kama ana mwenzake wa kupokezana. Kama hana, shuka.

Binti Kalenga
Mdogo wangu, N-Card, ile kadi ya kuingilia uwanjani, weka hela ukiwa bado Mbeya, tiketi nunua mapema. Namba ya mtu wa nyumbani ishike kichwani, usiitegemee simu, na kila mtu humo garini aijue namba ya nyumbani ya jirani yake wa siti. Mkipotezana mnapiga nyumbani, nyumbani wanawaunganisha. Msikubaliane kukutana getini.

Fresha 2
Marahaba dada, namaanisha asante. Namba ya mama naijua. Ya jirani wa siti namuomba leo jioni kwenye kikao.

Mwana wa Uyole
Kikao saa ngapi dogo? Nakuja na hiyo habari ya dereva wa pili, nitachangia posho yake.