Mjadala: Neno la Mungu lina mwenyewe?

Mleta hoja: Kitabu cha dini kimeadimika, mwenye hakimiliki hataki kukichapa tena, na waumini wanakihitaji. Wakikinakili na kukigawa bure, wamekosa?

Wakili: Wamekosa. Herbert Armstrong alipofariki mwaka 1986, kanisa lake, Worldwide Church of God, liliachana na mafundisho yake na kukiondoa kitabu chake, Mystery of the Ages. Waliojitenga wakakichapa chote, nakala zipatazo 30,000, wakagawa bure. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa Marekani iliwakatalia. Kutouza hakukuwaokoa: kitabu kilivuta waumini, na waumini hutoa zaka.

Mwanafikihi: Ndugu wakili, tenga wahyi na kazi ya mkono. Aya haina mwenyewe. Tafsiri, ufafanuzi wa aya na sauti iliyorekodiwa ya kari, msomaji wa Qurani, vina wenyewe. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, la wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, lilipokaa Kuwait, Desemba 1988, lilipitisha azimio namba 43: haki ya mtunzi inalindwa na sharia, si halali kuivamia. Khomeini, mwanazuoni wa Kishia aliyeiongoza Iran, hakuikubali haki ya chapa. Kwake, aliyenunua kitabu amekimiliki. Wengine hushikilia kwamba kuzuia nakala ni kuficha elimu. Mimi sioni hivyo. Anayeficha elimu ni anayekataa kufundisha.

Mleta hoja: Na mtunzi akiwa malaika?

Wakili: Hilo nalo lilifika kortini! The Urantia Book kilitoka Chicago mwaka 1955, na pande zote mbili za kesi ziliamini kimetoka kwa viumbe wa mbinguni. Mshtakiwa, aliyekinakili, akadai: basi hakuna mtunzi. Mwaka 1997 mahakama haikugusa imani ya mtu, ilitazama tu nani alichagua na kupanga yaliyomo. Ni watu, ikatosha. Kilichokuja kukiangusha ni makaratasi: muhula wa kwanza wa hakimiliki, miaka 28, ulipokwisha, taasisi iliyouhuisha haikuwa na haki ya kuuhuisha. Baraza la wazee wa mahakama, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi, likaamua hivyo mwaka 2001.

Mpiga kinanda: Wanakwaya huteleza kwingine. Sheria ya Marekani inaruhusu kuimba wimbo wa mtu ndani ya ibada bila kibali. Ruhusa hiyo ni ya kuimba tu. Kutoa fotokopi ya noti za muziki, kuandika beti upya kwa ajili ya projekta, au kurusha ibada mubashara, kila kimoja kinataka leseni yake, na ya kurusha haiji na ile ya kunakili. Ndiyo maana video ya ibada hukatwa sauti katikati ya pambio. Na msije mkaibeba sheria hiyo mkadhani ndiyo ya Dodoma au Nairobi.