HD 600, DT 990 Pro au Sundara? Hedifoni za mgongo wazi za kusikilizia muziki kwa undani

Kinubi
Wakuu, habari za saa hizi. Nimechuja mpaka nimebaki na tatu: Sennheiser HD 600, Beyerdynamic DT 990 Pro ya omu 250 (omu ni kipimo cha upinzani wa umeme), na Hifiman Sundara. Zote za waya, zote mgongo wazi, yaani vikombe vyake vina matundu nyuma. Nasikiliza usiku, chumbani peke yangu: gitaa la nyuzi za nailoni, fidla, waimbaji wenye ala chache nyuma yao. Nataka kusikia kidole kikiteleza kwenye uzi na mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuanza mstari. Besi ya kutikisa kifua siitafuti. Natumia laptopu na kile kiwaya kinachogeuza USB-C kuwa tundu la hedifoni. Amplifaya sina. Nichukue ipi?

Fundi Risasi
Gitaa na sauti ya mtu? HD 600, funga mjadala.

Ilitoka 1997 na mpaka leo inatengenezwa, na si kwa sababu ya mazoea tu. Sauti za kati zimekaa mahali pake: fidla inasikika fidla, mwimbaji hajasogezwa mbele wala kurudishwa nyuma. Halafu mimi natazama jambo ambalo wengi hawalitazami, nalo ni vipuri. Waya unachomoka pande zote mbili, pedi zinachomoka, wavu wa nje unachomoka. Waya ukikatika unabadilisha waya, hutupi hedifoni. DT 990 Pro ya kawaida waya wake wa kujikunja umeingia moja kwa moja kwenye kikombe cha kushoto. Ukikatikia pale shingoni, ni kufungua na kuchoma risasi.

Ubaya wake upo. Ikiwa mpya inabana kichwa kama imetumwa, na besi ya chini kabisa inafifia. Wewe umesema besi hutafuti, basi.

Shaba
Fundi, kila mtu akiuliza hedifoni jibu lako ni HD 600, hata akiuliza za kukimbilia asubuhi 😄

Mkuu Kinubi, ukitaka undani usiidharau DT 990. Mwangwi wa ukumbi unausikia mpaka unapoishia, na upana wake, yaani nafasi unayohisi wanamuziki wamesimama, ni mkubwa kuliko wa HD 600, ambayo inakuwekea wanamuziki karibu na paji la uso. Pedi zake za mahameli utakaa nazo usiku kucha. Kwangu HD 600 ni nzuri lakini imepooza kidogo.

Bi Mizani
Shaba, hapo ndipo watu wengi huchanganya mambo. Mng'aro si undani. DT 990 ina kilele cha trebo, yaani sauti za juu, maeneo ya kilohezi 8, kwa hiyo chochote kilichopo pale kinasukumwa mbele. Mara ya kwanza unaona umegundua vitu vipya kwenye wimbo unaoufahamu miaka. Vilikuwepo siku zote, sasa vimeongezewa sauti tu.

Kinubi, jaribu hivi popote utakapopata nafasi ya kuzivaa. Tafuta mwimbaji anayeimba karibu na maikrofoni, sikiliza maneno yenye "s" na "sh" nyingi. Je, "s" inatoka kama sehemu ya neno, au inaruka juu ya neno na kuchoma sikio? Kisha gitaa la nailoni. Kila noti ina mambo mawili: mgoto wa ukucha kwenye uzi, halafu mwili wa sauti unaotoka kwenye mbao. Hedifoni yenye trebo iliyozidi hukupa ukucha mwingi na mbao kidogo. Unajiona unasikia zaidi kumbe nusu ya ala imepotea. HD 600 hukupa vyote kwa uwiano. Sundara pia, ila inang'aa kidogo kuliko HD 600, bila kufika kwa DT 990.

Kuhusu upana nakubaliana nawe, Shaba. HD 600 haina uwanja mkubwa. Kwa mtu na gitaa lake sioni hasara. Kwa okestra nzima utaona.

Voliti Moja
Kabla hamjamtuma mtu kununua amplifaya, tupige hesabu.

Hivyo viwaya vya USB-C havilingani. Cha Apple hutoa kama voliti 1, ila toleo la Ulaya limebanwa mpaka nusu yake, yaani dekibeli 6 chini, kwa hiyo jua umeshika lipi. Voliti 1 kwenye omu 300 za HD 600 ni miliwati 3.3. Kwenye omu 37 za Sundara ni miliwati 27. Kwa HD 600 hiyo inatosha kupiga kelele za kukuudhi kwenye nyimbo za siku hizi zilizokandamizwa, yaani sauti ndogo zimepandishwa zikaribie kubwa. Rekodi za gitaa na fidla ni habari nyingine: wastani uko chini, vilele viko juu, akiba inaisha mapema. Voliti 1 utasikiliza vizuri tu, nusu voliti utakuwa umefika mwisho wa kitufe na bado unataka.

Na karatasi za vipimo zisikupige chenga. Kampuni moja huandika dekibeli kwa miliwati 1, nyingine kwa voliti 1. Kwenye hedifoni ya omu 300 tofauti ya vipimo hivyo ni kama dekibeli 5, kwenye ya omu 32 inafika 15. Ukichukua namba mbili bila kusoma kilichoandikwa pembeni, umelinganisha kilo na ratili.

Jingine: omu 300 za HD 600 ni za kuandikwa. Karibu na hezi 100 impedansi yake, yaani huo upinzani wa omu, hupanda mpaka kupita 500. Ukiichomeka kwenye amplifaya ya zamani yenye impedansi kubwa ya kutoa, besi ya juu inavimba. Wapo wanaopenda hivyo. Sundara ni planari, utando mwembamba wenye njia za umeme mbele ya sumaku, na impedansi yake imenyooka karibu masafa yote, kwa hiyo haibadiliki tabia hivyo.

Shaba
Bi Mizani, hoja yako ya kilele naikubali, lakini ikwalaiza, programu ya kupandisha na kushusha masafa, ipo. Kwenye Windows kuna Equalizer APO, ya bure. Unashusha dekibeli 4 au 5 pale kwenye kilohezi 8, unasikiliza, unarekebisha. DT 990 inatulia kabisa na ule upana unabaki.

Bi Mizani
Kweli inasaidia, na kushusha kilele ni salama kuliko kuinua shimo. Shida ni kwamba kilele hakikai mahali pamoja kwa masikio yote, umbo la sikio lako linakisogeza. Ukikopi namba za mtu mwingine bila kusikiliza unaweza kushusha pasipo tatizo. Na anayesikilizia simu leo, kompyuta kesho, atapanga upya kila kifaa.

Mkimya
Hamjauliza chumba chake kikoje. Mgongo wazi haukingi kitu. Feni ikizunguka, hiyo pumzi ya mwimbaji anayoitaka imemezwa na feni, iwe HD 600 au hedifoni yoyote ile. Mtu akijikuta kwenye kelele huongeza sauti bila kujijua, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni dekibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukizima feni umepata undani bila kununua chochote.

Na kama kuna mtu amelala chumba hicho hicho, atausikia wimbo wako. Hedifoni hizi zimekuwa hivyo tangu HD 414 ya 1968, ile yenye sponji za njano.

Fundi Risasi
Mkimya umesema la maana kuliko sisi wote.

Kuna aliyeniuliza pembeni kuhusu nyingine nje ya orodha. AKG K702: pana, nyembamba kwenye mwili wa sauti, na omu zake 62 zinadanganya, ni nzito kuisukuma kuliko namba inavyoonyesha. Audio-Technica ATH-R70x: omu 470, hiyo amplifaya usiikwepe, ila gramu 210 utasahau umeivaa. HD 650 na HD 6XX ni ndugu wa HD 600 wenye trebo laini zaidi na besi nene kidogo. Kwa fidla mimi bado 600.

Kinubi
Shukrani sana wakuu, nimepata zaidi ya nilichouliza. Chumba ni kimya na nalala peke yangu, feni nitaizima. Naona DT 990 imetoka kwenye orodha. Limebaki moja: navaa miwani, na Fundi umesema HD 600 inabana. Je, Sundara itanifaa zaidi hapo?

Voliti Moja
Sundara haibani sana, lakini ni gramu 372 dhidi ya kama 260 za HD 600. Uzito utausikia utosini. Faida yake ya kweli ni besi iliyonyooka mpaka chini, na wewe huihitaji.

Bi Mizani
Miwani yenye mikono myembamba haina shida sana, pedi za HD 600 ni laini na zinaipokea. Mikono minene ndiyo inayofungua mwanya, na besi inapitia hapo hapo. Nenda na miwani yako unapokwenda kujaribu, usiivue.

Fundi Risasi
Vyuma vya HD 600, ile mikono inayorefuka, vinakunjika. Virefushe mpaka mwisho, pinda kidogo kidogo kwa mikono miwili, chuma chenyewe tu, usikamate plastiki. Vaa, pima, rudia.

Ukichukua iliyotumika, bonyeza pedi kwanza. Zikiwa zimelala bapa na sikio linagusa sponji ya ndani, draiva, kile kispika cha ndani, imekusogelea na sauti si ile tuliyokuwa tunaizungumzia hapa. Hesabu bei ya pedi mpya humo humo kabla hujapatana.