Taimsheya Diani: nani anaamua chumba kitazame bahari au jenereta?

BintiBombo
Habari zenu wakuu. Naomba wenye uzoefu mnisaidie kabla sijamwahidi mama kitu nisichoweza kukitimiza.

Shangazi yangu aliyeko Marekani ana taimsheya, yaani kila mwaka ana wiki yake kwenye hoteli moja ya mapumziko huko Florida. Mwaka huu hawezi kwenda, kwa hiyo wiki hiyo ameiweka RCI, kampuni ya kubadilishana wiki za taimsheya, wambadilishie, na sisi tumepata Diani mwezi wa nane. Karatasi ya uthibitisho inataja vyumba viwili vya kulala, watu sita, kuingia Jumamosi saa kumi jioni. Kuhusu bahari, kimya. Jirani yetu alikwenda kwa njia hiyohiyo akapewa chumba kinachotazama jenereta, na watu wa mlango wa mbele wanaamka wanaona mawimbi. Mama amezeeka, magoti yanamsumbua, na bahari hajawahi kuiona. Anachotaka ni kuitazama akiwa kitandani. Je, wanapiga kura? Au ni kujuana?

Ssalongo_Bweyogerere
Dada, weka noti ndani ya pasipoti ukifika mapokezi, uone kama bahari haitasogea.

MzeeWaMapokezi
Ssalongo, usimpoteze mtoto wa watu. Mimi nimekaa mapokezi, kisha ofisi ya kupanga vyumba, kwenye hoteli ya taimsheya pwani ya Kenya kabla sijarudi Entebbe. Hiyo noti ikifika kaunta Jumamosi jioni, chumba kilishapangwa tangu Alhamisi. Kijana wa kaunta ataipokea, atakuletea juisi ya ukwaju yenye barafu, na ufunguo utabaki uleule.

Binti, nikueleze inavyokwenda. Alhamisi asubuhi nachapisha orodha ya wanaoingia, nakaa na hausikipa na fundi mkuu. Tunaanza na vyumba vibovu: hiki kiyoyozi kimekufa, kile maji yanavuja darini kwa jirani. Vinafungwa. Halafu naweka wageni wa wiki mbili ambao hawajamaliza, maana mgeni hahamishwi katikati ya likizo eti mwingine anataka kuona bahari. Ndipo wanakuja wenye mali. Kuna aliyenunua wiki fulani ndani ya chumba fulani, na namba imeandikwa kwenye mkataba wake. Huyo hata mkurugenzi hamgusi. Kuna aliyenunua wiki ya kuelea, anachagua tarehe mwenyewe, lakini alilipia daraja la chumba cha bahari, kwa hiyo lazima akipate. Baada yao wazee, wenye viti vya magurudumu, familia zinazotaka milango inayopakana. Waliobadilishana wiki mara nyingi ndio wa mwisho, na wanagawana kilichobaki.

Msione ni dharau. Mwenye mali alilipa bei ya kununua, na kila mwaka analipa ada ya matunzo hata asipokuja. Aliyebadilishana amelipa ada ya kubadilisha tu, na kampuni kwa kawaida inamhakikishia hoteli, tarehe na ukubwa wa chumba. Dirisha linatazama wapi, hiyo si ahadi yao. Jirani yenu na hao wa mlango wa mbele hawakulipa sawasawa hata kidogo, ila wamekutana kwenye korido moja.

Nakazibwe_K
Naongezea. Siyo kila mahali bahati inaachwa mpaka mwisho. Binamu yangu yuko kwenye mpango wa taimsheya wa Disney, ambako mwanachama analipia chumba kwa pointi alizonunua. Wao mandhari ni daraja kamili unalolichagua unapobuku, na lina bei yake ya pointi. Hoteli yako ya nyumbani, yaani ile uliyonunulia pointi zako, unaweza kubuku miezi 11 kabla, nyingine za mpango huo miezi 7. Wana moja Florida ambayo chumba cha kutazama mbuga kinakula pointi nyingi kuliko cha kawaida, ili uamke uone twiga na pundamilia. Twiga! Nikamwambia njoo mbuga ya Murchison, Uganda, wewe.

Ssalongo_Bweyogerere
Kwa hiyo afike mapema basi, saa nne asubuhi, awawahi wenzake.

MzeeWaMapokezi
Akifika saa nne atakaa kwenye kochi na mizigo yake mpaka saa kumi, na kama vyumba vya aina moja bado havijagawiwa namba, atapewa cha kwanza kusafishwa. Cha kwanza kusafishwa kwetu kilikuwa karibu na dobi. Wahudumu walianzia hapo, na mimi ningefanya vivyo hivyo.

Afadhali aandike barua pepe hotelini moja kwa moja, siyo RCI, siku kama kumi kabla. Aombe jambo moja, mawili yakizidi. Niliwahi kusoma ombi lenye ghorofa ya juu, bahari, utulivu, karibu na bwawa, mbali na watoto na karibu na mkahawa. Chumba kama hicho hakijajengwa. Nikaandika pembeni "tumeona", basi.

Na hapo Binti una kazi. Magoti ya mama yanataka chini, macho yanataka juu. Hoteli nyingi za pwani ile ni ghorofa chache bila lifti, na ukiwa chini unaona minazi, ua na migongo ya watu wanaoota jua. Uliza kwanza kama kuna lifti. Kama hakuna, omba ghorofa ya kwanza karibu na ngazi, taja magoti, usitaje bahari kabisa. Mpangaji akisoma "mgonjwa wa magoti" anakuweka mapema pamoja na wazee, vyumba vikiwa bado vingi. Jambo jingine, mwezi wa nane kusi inavuma. Chumba cha mbele kabisa mlango wa baraza unagonga usiku kucha.

Mkifika, mtu akiwaalika kifungua kinywa cha bure na kuwaambia chumba kizuri kipo mkikaa naye saa moja na nusu, huyo ni wa mauzo. Chai yake ni tamu. Usisaini kitu.

BintiBombo
Asante sana mzee wangu. Nimewaandikia, wamejibu leo. Lifti hakuna. Wameweka ombi la ghorofa ya kwanza, ngazi kumi na sita zenye kishikio, upande wa bustani. Wanasema kutoka mlango wa jengo hadi mchangani ni njia ya saruji iliyo tambarare, na wana viti vya kulalia chini ya makuti. Nimempigia mama. Ameuliza kama godoro linaruhusiwa kutolewa nje.

MzeeWaMapokezi
Godoro hapana. Mto na shuka, mpe hausikipa heshima yake kwanza, utaona.