Marezidenti wawili, mgonjwa mmoja, herufi mbili tofauti: kipimo cha ASIA mnakifundishaje?

Bingwa_Utengamao
Wakuu, salaam. Tunapokea marezidenti (madaktari wanaosomea ubingwa) wa tiba ya utengamao kwenye wadi ya majeruhi wa uti wa mgongo. Toleo la 2019 la kipimo cha ASIA (cha kupima uzito wa jeraha la uti wa mgongo) wamelisoma, fomu wanaijaza. Ila wawili wakimpima mgonjwa yuleyule siku hiyohiyo, mmoja anatoka na B, mwenzake C. Herufi hiyo (A ni jeraha kamili, B imebaki hisia tu, C na D kuna nguvu kiasi) ndiyo familia itakayoambiwa, na mpango wa mazoezi unaanzia hapo. Wengine wanakikwepa kipimo cha njia ya haja kubwa, wanaandika NT (haikupimika). Makosa yanatokea wapi hasa, na nyie mnaanza kuwasahihisha wapi?

Dkt_Tetra
Mkuu, anza na mikono. Makosa mengi yana chanzo kimoja: rezidenti anatazama kiungo kinachosogea, hatazami msuli unaokisogeza.

Chukua C6 (ngazi ya sita ya neva za shingo), kuinua kifundo cha mkono. Mwenye bisepsi nzuri anageuza mkono, kiganja kinatazama juu, na uzito wa kiganja unakiangusha kifundo kwa nyuma. Kwa macho utaapa nguvu ni 2 kati ya 5, kumbe ni 0. C7 nayo: akizungusha bega kwa nje, kiwiko kinanyooka kwa uzito wa mkono wakati trisepsi imelala. Inayodanganya kuliko zote ni C8. Mgonjwa akiinua kifundo kwa C6 yake, kano za vidole zinavutika na vidole vinajikunja vyenyewe. Hapo rezidenti anaandika 2 kwa furaha, na familia inaambiwa vidole vimerudi.

Kwa hiyo mkono mmoja wa mpimaji ukitulize kiungo, vidole vya mkono wa pili vikae juu ya msuli au kano. C8: kifundo kishikwe kisiinuke, kidole cha kati kishikwe kisikunjike popote isipokuwa nchani, ndipo aambiwe akunje ncha. C7 kwa alama ya 3: bega likunjwe nyuzi 90, kiganja kiwe karibu na sikio, halafu anyooshe kiwiko kwenda juu. Akishindwa, mkono ulazwe juu ya tumbo, uzito usimzuie, utafute 2 au 1.

Mgonjwa alale chali mwanzo hadi mwisho, hata miezi sita baadaye anapoweza kukaa, la sivyo vipimo havitalinganishika. Na kama jeraha ni jipya na liko chini ya T8 (ngazi ya nane ya kifua), nyonga isikunjwe kupita nyuzi 90, kwani inauvuta mgongo wa chini ambao haujatulia.

FizioWaWadi
Naongezea upande wa hisia. Sehemu ni 28 kila upande, mara mbili: pamba na pini, alama 0 (hakuna), 1 (si kamili) au 2 (kawaida). Kosa la kila siku ni kuuliza "unasikia?" kila unapogusa. Mgonjwa anayetaka kupona atajibu ndiyo tu. Macho yafumbwe, shavu liwe kipimo cha kulinganishia, na swali la pini liwe "kali au butu?" huku ukichanganya ncha na kichwa cha pini bila mpangilio. Ukiwa na shaka, rudia mara 10. Zikiwa sahihi 8, amekipata. Akihisi ameguswa lakini hawezi kutofautisha kali na butu, kwenye safu ya pini ni 0. Hapa wengi wanaandika 1, na jumla ya alama za hisia inapanda kimakosa.

Muangalie pia juu ya kifua. Ngozi ya C4 inashuka hadi kukaribia T3, kwa hiyo mgonjwa wa shingo anaweza kuhisi pale mkadhani T3 ipo.

Pini moja kwa mgonjwa mmoja, ikitoka hapo iende sefti boksi.

Sista_Mgongo
Daktari, hiyo NT hapo chini msiikubali bila sababu iliyoandikwa. Bila S4-5 (ngazi za mwisho kabisa, kwenye njia ya haja kubwa) hakuna A, hakuna B, fomu nzima inaning'inia. Wanakwepa kwa sababu hawajui waseme nini, basi wafundisheni maneno. Pazia livutwe, ndugu watoke, awepo muuguzi. Kisha: "Baba, naomba ruhusa. Nitaweka kidole kwenye njia ya haja kubwa nione kama mishipa ya huko inafanya kazi. Ukihisi chochote niambie. Ukitaka niache, nitaacha."

Kwanza pamba na pini pembeni ya tundu, ndani ya sentimeta moja. Halafu kidole chenye jeli, subiri kidogo misuli itulie. Bonyeza ukuta kwa upole na umuulize kama anahisi mgandamizo; hiyo ni DAP (hisia ya mgandamizo wa ndani). Mwisho: "Bana kidole changu kama unavyozuia haja." Kukihisi kidole kinabanwa hakutoshi. Akikaza matako au akisukuma kama anayejisaidia, si VAC (kubana kwa hiari). Mpime mara ya pili, abane na aachie unapomwambia: mbano wa hiari unafuata amri, wa mshtuko, yaani misuli ikijibana yenyewe, haufuati.

Dkt_Tetra
Sista kamaliza. Sasa hiyo B na C. Wape mfano huu, sawa pande zote: C5 ni 5, C6 ni 4, C7 ni 2, C8 na T1 ni 0, miguu 0. Hisia ni kamili hadi C6, DAP ipo, VAC haipo. Kiwango cha nguvu ni C6, kwa sababu ndio msuli wa chini kabisa wenye 3 au zaidi na wa juu yake ni 5. DAP inamtoa kwenye A. Je, kuna nguvu zaidi ya ngazi tatu chini ya C6? C7, C8 na T1 ndizo tatu zenyewe, hazihesabiki. Jibu ni B.

Kisha mwambie rezidenti kwamba mgonjwa huyo anaweza kukusanya mapaja kidogo. Hakuna kisanduku chake kati ya misuli kumi mikuu, lakini mwendo huo unahesabiwa L2 (ngazi ya pili ya kiuno), na tayari ni C. Nadhani marezidenti wako wanatofautiana hapa: mmoja aliuliza, mwenzake hakuuliza.

Na wasichanganye: B na C hutenganishwa kwa kiwango cha nguvu cha kila upande, C na D kwa kiwango kimoja cha jeraha zima. Chini ya hicho, nusu au zaidi ya misuli mikuu ikiwa na 3 kwenda juu, ni D.

Bingwa_Utengamao
Nimewapata, asanteni sana. Na muda je? Wengine wanapima usiku uleule wa ajali.

FizioWaWadi
Usiku ule pimeni, ili mjue kama anazidi kudhoofika. Ila cha kutolea utabiri ni cha saa 72 na kuendelea, mgonjwa akiwa macho, hana pombe wala dawa za usingizi. Mkono uliovunjika na kufungwa plasta ndio NT halali. Kama mfupa umeshapona ila kiungo kimekaza bila kupoteza zaidi ya nusu ya mwendo wake, andika alama iliyopatikana na nyota, na maelezo kwenye kisanduku cha maoni.

Kwa mafunzo, wapimaji wawili wasionane fomu. Walinganishe kisanduku kwa kisanduku kabla ya kutaja herufi, na panapotofautiana warudi kitandani wote wawili nawe ukiwepo. Kikokotoo cha bure cha taasisi ya Praxis ya Vancouver wakifungue baada ya kuainisha kwa mkono. Wakianza nacho, kitakubali hata hiyo C8 ya uongo.