Mawe hayapo, figo limejaa maji. Nini kinaziba?

Kipepe: Wakuu, mdogo wangu, miaka 24, ultrasaundi imeonyesha figo la kushoto limejaa maji lakini mrija wa kushusha mkojo haujatanuka. Mawe hakuna. Tunamnywesha lita nne kwa siku asafishe njia. Ushauri tafadhali.

Mchambuzi: Figo limevimba, mrija mwembamba: kizuizi kiko pale vinapoungana. Mara nyingi mtu huzaliwa nacho. Kipande kifupi cha mrija kina misuli mibovu iliyojaa nyuzi za kovu, hakisukumi mkojo. Au mshipa wa damu uendao ncha ya chini ya figo unapita mbele ya mrija na kuukunja. Kovu la upasuaji wa zamani au kinyama cha ndani navyo huziba. Hizo lita nne zinalijaza figo lisilomwaga, punguzeni.

Bomba_Bovu: Si azibuliwe kwa waya tu 😂

Mama Shaba: Kipepe, skani ya nyuklia yenye sindano ya furosemaidi, dawa ya kuongeza mkojo, mmefanya?

Kipepe: Ndiyo. Kushoto linafanya kazi 31%. Ila kreatinini, kile kipimo cha damu cha kazi ya figo, iko sawa, ndiyo maana upasuaji tumeuahirisha.

Mchambuzi: Kreatinini hiyo ni kazi ya figo la kulia. La kushoto linaweza kufa lote na namba isistuke.

Chumvi_Kiasi: Hii chai. Kila akibanwa anatoa kipya.

Kipepe: Si chai mkuu, ripoti ninayo. Mstari wa dawa ya skani ndani ya figo unapanda, sindano inachomwa, unabaki huko huko juu. Nusu ya dawa haijatoka hata dakika 20 zimepita. Tunataka ile ya kupanua kwa puto, asipasuliwe.

Mama Shaba: Nusu ikitoka chini ya dakika 10 njia iko wazi, zaidi ya 20 imeziba, katikati ni ubishi. Kibofu kikiwa kimejaa wakati wa kipimo mstari hudanganya, ulizeni. Puto halihamishi mshipa, kwa hiyo kwanza CT, skani ya kuonyesha mishipa ya damu. Kwenye paieloplasti, yaani upasuaji wenyewe, kipande kibovu hukatwa, mrija ukashonwa upya mbele ya mshipa. Stenti, kijibomba cha muda ndani ya mrija, hukaa wiki 4 hadi 6; msisahau kuitoa. Ana homa?

Kipepe: Jana usiku 38.9. Parasetamo iliishusha.

Mama Shaba: Hilo ndilo ungeanza nalo! Kilichoshuka ni homa tu, parasetamo haitibu maambukizi. Figo lililoziba likiwa na usaha hutobolewa ubavuni limwagwe, vidonge peke yake havitoshi. Mpelekeni dharura sasa hivi.

Kipepe: Tunatoka.