Kuku wa kuchoma wa supamaketi: nimpangeje atutoshe wiki nzima bila kuharibika wala kukinaisha?

Binti_Muheza

Habarini za jioni wadau. Niko Columbus, Ohio, na mume wangu na watoto wawili wa shule ya msingi. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu za saa 12. Mume anaendesha lori, mara nyingi analala njiani. Siku yangu ya jiko ni Jumapili jioni tu. Katikati ya wiki nikirudi sina nguvu ya kusimama jikoni hata nusu saa, na sitaki wanangu waishi kwa pizza na chipsi.

Wenzangu kazini wananunua wale kuku waliochomwa tayari. Wa duka la Costco ni dola 4.99 kuku mzima, na huku kwetu hata mbichi wa ukubwa ule mara nyingi simpati kwa bei hiyo. Nataka ninunue wawili kila Jumapili nipange chakula cha wiki.

Nisaidieni hapa: anakaa siku ngapi kwenye friji? Nikimtia kwenye mchuzi, siku zinaanza kuhesabiwa upya? Nifanyeje Jumatatu mpaka Ijumaa isiwe ladha ileile, maana mkubwa wangu akikinai chakula hakigusi tena? Na sisi tuliozoea kumuunga kuku kutoka mbichi, huyu aliyeiva anaungwaje?

Nina vyombo vya mifuniko, friza ile ya juu ya friji, na jiko la presha la umeme. Natanguliza shukrani.

Mzee_Baridi

Binti, wiki nzima anakaa bila wasiwasi. Mimi hununua Jumapili na Jumamosi bado nakula. Ukiona hana harufu, pasha ule. Enzi zetu hata friji hatukuwa nayo.

Wa_Zamu_Usiku

Shikamoo mzee wangu. Hapo naomba nitofautiane nawe, kwa sababu kuna watoto ndani ya nyumba.

Idara ya Kilimo ya Marekani, USDA, inasema nyama ya kuku iliyoiva ikae kwenye friji siku 3 hadi 4, na friji yenyewe iwe nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake. Kuhusu harufu, vijidudu vinavyoumiza watu si lazima viwe vilevile vinavyonukisha nyama. Listeria inaendelea kukua hata ndani ya baridi ya friji na nyama inabaki inanukia vizuri. Mtoto, mzee na mama mjamzito ndio huumia zaidi.

Dada, siku hazianzi upya ukimtia kwenye mchuzi. Hesabu kuanzia siku uliyomnunua. Wa Jumapili mwisho wake Jumatano, Alhamisi kwa mbali. Chakula cha Alhamisi na Ijumaa kiende friza usiku uleule wa Jumapili, usisubiri siku ya nne ndipo ukumbuke kukigandisha.

Jambo jingine ni muda wa njiani. Kuku asikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na joto la nje likipita nyuzi 32, saa moja tu. Kama una mizunguko mingine mjini, Costco iwe ya mwisho. Ukimpasha, afike nyuzi 74 katikati. Kipimajoto cha nyama si ghali, kinunue.

Jikoni_Kwetu

Karibu dada. Nakujibu kwa kirefu maana hivi ndivyo nyumba yangu inavyokula mwaka mzima.

Kazi yote iko kwenye saa ya kwanza. Ukifika nyumbani usimwingize kwenye friji na kopo lake. Mwache apoe mpaka mikono ivumilie, kisha mchambue angali vuguvugu, nyama inaachia mfupa yenyewe. Akishaganda na baridi unaanza kushindana naye na nyama nyingi inabaki mifupani. Zungusha mapaja kwenye kiungo yatoke, toa mabawa, halafu pitisha kidole gumba kando ya mfupa wa kifua ushushe kidari kizima bila kukivunja. Sasa mgeuze. Mgongoni, karibu na nyonga, kuna vinofu viwili vya mviringo vimejificha kwenye mfupa. Wengi wanavitupa bila kujua, na hakuna nyama tamu kuliko hiyo kwenye kuku mzima. Mpe mtoto anayekusaidia kuchambua.

Gawa nyama kwa aina, usichanganye. Kidari kinakauka upesi kikichemshwa mara ya pili, kwa hiyo kiwe cha kuliwa baridi au kupashwa kidogo: cha kukunja kwenye chapati, cha mkate, cha kachumbari. Mapaja na mabawa ndiyo nyama ya mchuzi, yanavumilia moto. Mifupa yote na ngozi tia kwenye jiko lako la presha pamoja na kitunguu, kipande cha tangawizi na karafuu mbili, maji yafunike, dakika 45. Chuja. Hiyo ndiyo supu ya kupikia wali, kunde na kila kitu. Ile rojo iliyobaki chini ya kopo usiimwage, ina ladha yote ya kuku.

Chumvi usitie popote mpaka uonje mwishoni. Kuku hawa kwa kawaida hudungwa maji ya chumvi kabla ya kuchomwa. Soma mstari wa sodiamu kwenye kibandiko: mtu mzima anashauriwa asipite miligramu 2,300 kwa siku, na kwa kuku huyu ni rahisi kufika huko. Na Royco usiiguse kabisa siku hiyo.

Sasa kuunga. Hapa unaunga mchuzi peke yake, kuku anaingia mwisho kabisa, achemke apate moto basi. Ukimpika tena nusu saa kama mbichi anageuka nyuzinyuzi. Jumapili pika rosti moja kubwa: vitunguu vingi vikaangwe mpaka viwe na rangi ya kahawia, kitunguu saumu, tangawizi, nyanya za kopo, moto wa wastani mpaka mafuta yajitenge. Igawe mara tatu. Ya kwanza tia bizari na tui la kopo, ichemke, kamulia ndimu, umepata kuku wa nazi. Ya pili koroga vijiko viwili vya siagi ya karanga na supu ya mifupa, pilipili kidogo, hiyo watoto wangu wanaililia. Ya tatu iache nzito, tia pilipili hoho, iwe ya kula na ugali. Kuku ni yuleyule lakini mkubwa wako hatamtambua.

Mbili za mwisho zigandishe bila kuku, nyama yake iwe kwenye mfuko wake pembeni, umeubana hewa yote itoke na kuulaza bapa. Mfuko bapa unayeyuka upesi na friza ndogo inabeba mingi. Uandike tarehe. Asubuhi kabla ya kazi, au usiku wa jana yake, uteremshe kwenye friji. Usiuache mezani siku nzima.

Mkisauni

Asalaam aleikum. Nyongeza kwa Waislamu wanaosoma hapa: kuku wa supamaketi za kawaida usidhani ni halali kama hakuna alama kwenye kibandiko. Mimi niko Minneapolis, maduka ya halali ya Wasomali yako kila mtaa. Nanunua mbichi wawili, nawapaka ndimu, saumu, pilipili manga na chumvi, naingiza kwenye oveni nyuzi 190 kama saa moja na robo kwa kuku wa kilo moja na nusu. Oveni inajipikia, mimi nafanya mengine. Kuanzia hapo ni njia ileile ya Jikoni_Kwetu, na chumvi unaipima mwenyewe.

Mama_Pacha

Dada Binti, kama mnatumia SNAP, ule msaada wa serikali wa kununulia chakula, fahamu kwamba kwa kawaida kadi yake ya EBT hainunui chakula cha moto. Ila kuku yuleyule akishapozwa na kuwekwa kwenye friji ya duka ananunulika, na maduka mengine humuuza kwa bei ya chini. Uliza kaunta ya vyakula vilivyopikwa wanawapoza saa ngapi.

Chakula cha mchana cha shule: kidari kilichochambuliwa, karoti iliyokwaruzwa, mtindi mzito kidogo na giligilani, kunja kwenye chapati. Duka la Wahindi lina chapati na paratha za kugandishwa, dakika mbili kikaangoni. Weka na kipande cha barafu kwenye begi la chakula.

Wa_Bukavu

Kwenye friza za maduka ya Kiafrika tafuta pakiti ya sombe iliyotwangwa. Ichemshe sana, majani ya muhogo hayaliwi nusu mbichi. Kisha tia mafuta ya mawese, vitunguu, na nyama ya mapaja mwishoni. Inapanda sana na ugali.

Binti_Muheza

Jamani, Mungu awabariki. Nimenakili kila kitu. Mzee_Baridi shikamoo, asante kwa kunijibu wa kwanza, ila kwa ajili ya watoto nitafuata siku tatu.

Swali moja limebaki: wali. Naweza kupika sufuria kubwa Jumapili pamoja na hivyo vingine?

Wa_Zamu_Usiku

Unaweza, ila wali unataka adabu kuliko hata kuku. Kuna kijidudu kinaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa sufuriani kwenye uvuguvugu zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukipasha mpaka utoe moshi. Kwa hiyo ukiiva tu, utandaze kwenye sinia pana upoe, uingie friji ndani ya saa moja. Wa Jumatatu na Jumanne uache kwenye friji, wa siku za mbele ugandishe kwa vipimo vya sahani. Ukipasha kwenye maikrowevu nyunyizia maji kijiko kimoja, funika, koroga katikati ya muda ili usibaki na joto pembeni na baridi ndani.

Jikoni_Kwetu

Na ugali usiuhifadhi, dada. Ni dakika kumi, usonge siku hiyohiyo.

Mzee_Baridi

Marahaba wanangu. Nimesoma yote. Hiyo ya mifupa kwenye presha na karafuu naijaribu leo.

Binti_Muheza

Mpango wangu basi: Jumatatu kuku wa nazi na wali. Jumanne chapati za kidari, na mchana wa shule hizohizo. Jumatano supu ya mifupa na ndizi mbichi. Alhamisi ya karanga kutoka friza. Ijumaa rosti na ugali na sukuma. Kidari kikizidi nataka nifanye sambusa. Zinagandishwa zimekaangwa au mbichi?

Mama_Pacha

Mbichi. Kaanga kitunguu na pilipili kwanza maji yakauke, changanya na nyama, acha ipoe kabisa ndipo ufunge. Ikiwa ya moto inalowesha manda, zinapasuka. Zipange kwenye sinia zisigusane, zigande, kisha ndio uzikusanye kwenye mfuko. Siku ya kukaanga usiziyeyushe, zitoke friza moja kwa moja ziingie kwenye mafuta ya moto wa wastani, chache chache.