Piano imeshuka nusu toni, alama anakatwa mpiga oboe. Haki iko wapi?

Mnisamehe lugha, naandika nikiwa bado na hasira.

Niko Lubumbashi, nasoma muziki chuoni, chombo changu ni oboe, ile zumari ya mbao ya okestra. Matokeo yametoka, na mtihani wa chombo nimeambiwa niurudie sesioni ya pili. Sababu ni mstari mmoja: "Hakuwa kwenye toni." Mimi!

Piano ya ukumbi wetu haijaguswa na fundi tangu nilipoingia chuo. Ukiipima kwa simu, La yake, noti ambayo vyombo vyote hupimwa kwayo, iko karibu nusu toni chini ya hertz 440 za kawaida. Mwenye klarineti huvuta kiungo cha juu nje kidogo, akashuka angalau kiasi. Oboe haina nafasi hiyo: ukivuta ulimi, yaani kile kimwanzi cha kupulizia, nje hata milimita mbili, ndani panabaki pengo, noti zinayumba, nyingine zinagoma kabisa. Ni sababu moja ya okestra nzima kusubiri oboe itoe La, wengine wafuate. Piano ikiwepo mambo yanageuka, oboe ndiyo inafuata, kwa sababu piano huwezi kuikaza pale pale watu wakisubiri. Wakubwa wa juri wanalijua hilo, au angalau wanalipwa walijue.

Na wamenipa nini nipige? Konseto ya Mozart ya oboe na okestra, ya Do, namba K. 314 kwenye orodha ya kazi zake, ya 1777; kwenye mtihani piano inashika nafasi ya okestra. Solo inaingia kwa kupanda mbio hadi Do ya juu, kisha unaishikilia vipimo vinne vizima huku wengine wanatembea chini yako. Pa kujificha hakuna. Nililegeza midomo mpaka sauti ikawa ya bata, na bado piano ilikuwa chini, zinakwaruzana hadi mlangoni. Mmoja wa juri akatikisa kichwa, macho kwangu. Si kwa piano. Kwangu.

Na nilikuwa nimesema mapema! Nilimfuata mkuu wa idara: "Prof, naomba basi nipige mtunzi Britten, vile vipande sita vya 1951 vya oboe peke yake, havitaki piano." Akajibu programu inadai kazi yenye kusindikizwa. Fundi atakuja lini? "Bajeti hakuna." Lakini minervali, ada ya masomo, usipomaliza kulipa, jina lako hulioni kwenye orodha ya mtihani. Hapo hakuna anayesahau.

Sijalalamikia ulimi unaoagizwa Ulaya kwa dola 20 hadi 30 na kuchoka baada ya wiki chache. Sijalalamikia asubuhi za Julai, baridi na hewa kavu, unaipasha oboe kwapani kwanza maana mpingo ukipigwa pumzi ya moto ghafla unaweza kupasuka. Hayo ni ya chombo, niliyakubali. Piano ya chuo si ya kwangu kuibeba.

Msije hapa kuniambia "ongeza mazoezi". Nataka vitu viwili. Anayemjua fundi wa piano, awe hapa mjini, Likasi au Kolwezi, aniandikie bei yake. Na kama parokia yenu ina piano iliyo kwenye 440, semeni, niombe kwa barua sesioni ya pili ifanyikie huko. Barua nimeshaanza kuiandika. Wenzangu mnaopuliza, mliokatwa alama kwa piano ile ile, njooni mtie sahihi kabla haijafika kwa katibu.